Siku Kumi na Saba za Kulipa

Nyama ya ng'ombe ilimkwama Nassir Chirau kooni mara ya nne mwaka huo, na safari hii ilimkwama mahali pabaya kabisa: kwenye sinia la mabwana, harusini Bongwe, baada ya yeye mwenyewe kuwapanga wageni mia mbili na kuwaambia wale kwa nafasi.

Mara tatu za mwanzo alikuwa na hila yake. Akihisi tonge limesimama kifuani, halipandi wala halishuki, hutoa simu mfukoni, huiweka sikioni na kusema, "Naam, naam, hebu nitoke nikusikie vizuri." Kisha huenda nyuma ya choo, akajitia kidole mpaka tonge likatoka. Watu walimstahi kwa simu hizo. Walidhani anatafutwa na wakubwa wa Matuga. Siku ya nne aliiweka simu sikioni, akafungua mdomo aseme naam, na badala ya neno likatoka povu la mate. Hata mate yake mwenyewe yalikuwa hayapiti. Walimpigapiga mgongo, wakamnywesha maji, maji yakarudi kwa njia ya pua na kumwangukia baba wa bwana harusi.

Ni vizuri ijulikane kwamba Nassir hakuwa na cheo serikalini wala msikitini. Cheo chake kilikuwa cha masinia. Kutoka Tiwi hadi Msambweni, mtu hakutandika jamvi la karamu bila ya kumwita Nassir asimame mlangoni na bakora yake, awapime watu kwa jicho na kuwapanga: huyu na huyu sinia moja, wale mahasimu wa shamba wawekwe mbali, mtalaka asimwone aliyemwoa mkewe. Ilikuwa kazi ya akili, na ujira wake ulikuwa kukaa sinia la kwanza na kuletewa lililo bora. Miaka ishirini na sita alikuwa hajakataa sahani ya mtu.

*

"Mzee, hii si kansa," alisema Daktari Virginia.

Alikuwa msichana wa bara, rika la Hanifa binti yake Nassir, na Nassir alikuwa ameiitikia salamu yake kwa kidevu tu, akimngojea daktari mwenyewe aingie. Alipoona hapana mwingine anayekuja, aliketi vizuri. Hasina, mkewe, alikuwa ameketi vizuri tangu mwanzo.

"Umio wako, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, umevimba kwa ndani," daktari aliendelea. "Kuna chakula unachokula kila siku ambacho mwili wako unakipiga vita. Askari wa damu wamejazana kwenye ukuta wa umio, na njia inazidi kuwa nyembamba. Shida ni kwamba hatujui ni chakula gani. Kupima damu hakutuambii."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo tunawaondoa washukiwa wote sita pamoja. Maziwa na kila kitokacho kwa maziwa. Ngano. Mayai. Soya. Njugu, korosho na wenzao. Samaki, na jamaa zake wote wa baharini."

Nassir alisikiliza kama mtu anayesomewa majina ya ndugu waliokufa ajalini.

"Na wali?"

"Wali kula."

"Nazi?"

"Nazi pia. Kuku, nyama laini, maharagwe, mbaazi, mihogo, mboga, vyote ruhusa. Nyinyi watu wa pwani mna bahati, mzee. Kule kwetu ningekunyang'anya chapati na chai ya maziwa ungebaki na nini? Wiki sita safi, halafu tunarudi na ile kamera ya kuingiza kooni. Ukuta ukiwa umepona, tutajua ni chakula, tukirudishe kimoja kimoja hadi tumpate mwenye makosa. Usipopona, basi tutajua si chakula. Tutakwenda kwa dawa za muda mrefu, na huenda tukaingiza puto la kuupanua umio."

"Puto?"

"Dogo. Linaingia likiwa limenywea, halafu linajazwa humo ndani."

Nassir alishika koo lake kwa mkono wa kulia. "Na mtu akikosa siku moja?"

"Asikose."

"Lakini binadamu ana udhuru wake..."

"Mzee, usikose."

Daktari alidhani amejibu. Nassir, ambaye maisha yake yote alikuwa ameishi na sheria zenye jibu kwa aliyekosa, aliona kwamba binti wa watu hakuisoma milango ya kitabu chake hadi mwisho.

*

Kamera ya kwanza ilikula mshahara wa Hanifa wa mwezi mzima, mshahara wa kuwatabasamia wageni mapokezini katika hoteli ya Diani, na mbuzi wawili wa Hasina. Ya pili ilikuwa inangoja mbuzi waliobaki. Kwa sababu hiyo Hasina aliishika amri ya daktari kwa mikono miwili.

Alitoa unga wa ngano wote nyumbani. Aliosha sufuria na miko yote kwa majivu, kana kwamba samaki ni najisi. Hanifa alimsomea maandishi madogo kwenye pakiti kwa taa ya simu, na ndipo walipogundua kwamba soya ilikuwa imejificha ndani ya mafuta ya kupikia, na unga wa maziwa ndani ya kiungo cha mchuzi. Hasina alitupa vyote. Kila alfajiri aliloweka mchele, akausaga, akakuna nazi, akachoma vitumbua visivyo na yai wala maziwa. Mchana wali na mbaazi. Jioni mihogo. Kesho vitumbua.

Nassir naye alitoa mchango wake, nao ulikuwa amri.

"Nyumba hii ni moja," alisema, akiwa ameketi kitini. "Nikikatazwa mimi, tumekatazwa sote. Sitaki kunusa samaki changu wa mtu humu ndani na mimi natafuna muhogo."

"Baba, mimi sina ugonjwa," alisema Hanifa.

"Una baba mgonjwa. Huo haukutoshi?"

Basi mama na binti wakaacha samaki, mayai, chapati na chai ya maziwa, ili mwenye koo asione wivu.

Ijumaa ya kwanza, Bi Esha, jirani wa ukuta mmoja, alileta sahani ya changu wa kupaka kama alivyozoea. Hasina alimrudishia ikiwa bado imefunikwa, na maelezo marefu.

"Kwani samaki wangu ana nini, Mama Hanifa?"

"Hana kitu, shoga yangu. Ni amri ya daktari."

"Daktari amemtaja changu wangu?"

"Ametaja samaki wote."

"Haya." Bi Esha aliipokea sahani yake kwa vidole viwili. "Miaka kumi na minne tunakula pamoja, leo nimekuwa mshukiwa."

*

Siku ya tisa palikuwa na hitima nyumbani kwa Mzee Sanga, Kona ya Musa. Nassir alipanga watu, akaketi, na sinia likaja: biriani ya kuku iliyoloweshwa mtindi, sambusa pembeni, na kaimati za kumalizia. Mkono wake ulibaki pajani.

"Mgawaji wetu, vipi?" aliuliza Mzee Sanga kwa sauti ya kusikika jamvi zima. "Au umeona nywele?"

Angeweza kusema, "Nimekatazwa na daktari, naomba wali mkavu na paja la kuku." Ni maneno machache, na Mzee Sanga, mwenye kisukari cha miaka kumi, angemwelewa kuliko wote. Lakini nyuso thelathini zilikuwa zimegeuka, na Nassir alikumbuka wangapi aliwahi kuwasema kwa kukataa chakula cha watu. Akanawa. Akala. Alitafuna sana, akashushia maji, na tonge likapita kwa shida kama mgeni asiyetakikana.

Njiani kurudi, Chengo, rafiki yake wa tangu utotoni, alimwuliza, "Hebu, Nassir, si ulisema maziwa umekatazwa?"

"Nimekula, nitalipa."

"Utamlipa nani?"

"Nitalipa siku. Imenipita siku moja, naiongeza moja mwisho. Saumu ikikupita kwa udhuru, hulipi?"

"Hiyo ni saumu."

"Na hii ni nini? Kujizuia kula si kujizuia kula?"

Chengo akasema, "Basi ilipe kesho uimalize."

"Kesho tayari ina faradhi yake yenyewe. Wewe umemwona nani akiilipa Ramadhani ndani ya Ramadhani? Hulipwa mwezi ukishaisha."

Hoja ilikuwa imesimama wima pande zote, ila tu haikuhusiana na umio.

Baada ya hapo mambo yalikuwa mepesi. Maulidi Tiwi: mkate wa mayai, siku moja ya kulipa. Harusi Msambweni ilichukua siku tatu, na zote tatu alikula kamba wa nazi. Posa moja Ukunda, korosho za kukaanga zilizoletwa kwenye kisahani kidogo tu, lakini naye alikuwa mwadilifu, akazihesabia siku nzima. Kila jioni aliporudi nyumbani, aliketi mezani na familia yake, akala mihogo ya mkewe kwa uso wa mtu anayeteswa kwa ajili ya haki.

Watu walipomwona anavyolishambulia sinia, walimwuliza, "Nyumbani hupewi?"

"Vitumbua," alijibu Nassir kwa upole. "Na mihogo. Mama Hanifa ameikamata amri ya daktari kama polisi."

"Pole, bwana."

"Tumeshapoa."

Hakusema uongo hata mmoja. Aliacha tu watu waende na ukweli walioupenda.

Ukweli huo ulifika sokoni kabla ya Hasina. Alikuwa akichagua mihogo kwa Kache, mwuzaji wake wa siku zote, Kache alipomwongezea miwili bila kuombwa.

"Mpelekee mzee," alisema. "Nasikia huko karamuni anakula kama aliyefunguliwa kutoka jela. Mimi sisemi kitu, Mama Hanifa. Kila mtu na nyumba yake."

Hasina alirudisha ile mihogo miwili mahali pake, akalipia ya kwake. Alipomweleza mumewe, Nassir alitikisa kichwa kwa masikitiko.

"Midomo ya watu," alisema. "Wewe pika. Malipo yako kwa Mungu."

*

Wiki sita zilipotimia, mbuzi wengine waliuzwa, na kamera ikaingia tena.

Daktari Virginia aliyatazama majibu. "Hakuna mabadiliko," alisema. "Kwa kweli njia imezidi kubana kidogo."

Hasina alifunika mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Ni mimi," alisema. "Daktari, wiki ya pili nilibadilisha mafuta. Muuzaji aliniapia kwamba ni ya alizeti, lakini chupa haikuwa na karatasi. Ni hayo?"

"Sidhani, mama."

"Au ule mwiko. Nina mwiko mmoja wa zamani, una ufa, huenda ufa ulikuwa na yai. Nilitakiwa niutupe. Ulikuwa wa mama yangu, nikauchemsha mara tatu, nikaona utatosha. Na siku moja Hanifa alirudi na keki ya hotelini mkobani. Hakuila, lakini ilikuwa juu ya meza. Au harufu pia inaingia?"

Alizitaja dhambi zake moja baada ya nyingine, na mumewe aliketi kando yake akiitazama picha ya figo iliyobandikwa ukutani. Alikuwa na nafasi ya kusema baada ya mafuta, akawa na nyingine baada ya mwiko. Alimwacha mkewe akafika hadi kwenye kujilaumu kwa kukosa kuosha nazi kwa nje kabla ya kuivunja.

"Mama, tosha," alisema daktari. "Umefanya kuliko wagonjwa wangu wote. Hii inatuonyesha tu kwamba chakula sicho. Basi tunaachana na habari ya chakula." Alivuta karatasi mpya. "Mzee, nitakuandikia tarehe ya puto."

Hapo Nassir alikohoa.

"Daktari, tusiharakishe," alisema. "Hesabu yenyewe haijafungwa."

"Hesabu gani?"

"Ya siku. Bado sijalipa. Nina siku kumi na saba za kulipa, na nilikuwa nimepanga kuanza Jumatatu."

Daktari Virginia aliweka kalamu chini. Alimtazama Nassir, akamtazama Hasina, kama mtu anayetafuta mkalimani ilhali lugha yote ameielewa.

"Siku kumi na saba ulikula vile nilivyokukataza?"

"Kwa udhuru. Na sikuzificha. Nimezihesabu moja moja, hata ile ya korosho nne."

"Katika siku arobaini na mbili."

"Ndiyo maana nasema zimebaki."

Hasina alikuwa ameuteremsha mtandio kutoka mdomoni na kuukunja mapajani, pindo juu ya pindo.

"Ya kwanza ulikula kwa nani?" aliuliza.

"Mama Hanifa, mambo haya tukifika nyumbani..."

"Kwa nani?"

"Kwa Mzee Sanga. Hitima."

"Siku ile nilisaga mchele na homa. Ya pili?"

"Maulidi ya Tiwi."

"Siku ile Bi Esha alinipita njiani hakunisalimu. Msambweni je? Ulilala kule siku tatu."

"Kamba," alisema Nassir kwa sauti ndogo. "Wa nazi."

"Siku tatu hizo Hanifa alitaka yai moja, nikamwambia mwanangu, mwonee baba yako huruma." Alisimama. "Daktari, ataanza upya?"

"Akitaka tupate jibu la kweli, lazima aanze upya. Siku ya kwanza ni kesho. Na hakuna kulipa, mzee. Ukila hata mara moja, ile siku yako haiongezwi mwisho. Umio hauna deni na mtu. Umechokozwa, umevimba, basi."

"Vizuri," alisema Hasina. "Safari hii, daktari, kwenye karatasi andika jina lake peke yake."

*

Jioni hiyo nyumba ya Nassir Chirau ilinukia changu wa kukaanga kwa mara ya kwanza baada ya mwezi na nusu. Mama na binti walikula sebuleni. Mchele wa mwenye nyumba ulikuwa umelowekwa kwenye bakuli jikoni, na nazi mbili nzima kando yake.

"Nani atakuna?" aliuliza Nassir.

Hanifa alimnyooshea mbuzi ya kukunia, akarudi kwa samaki wake.

Alikuna nazi akiwa ameikalia mbuzi kwa upande, kama mtu aliyepanda punda wa watu, akajikata kidole gumba. Vitumbua vyake vya kwanza vilikuwa vibichi ndani na vyeusi nje. Alivila. Vya wiki ya pili vililika.

Huko nje alitumaini kuendelea kama zamani, lakini Hasina alikuwa amemtembelea Bi Esha. Alikwenda mara moja tu, asubuhi, akanywa naye chai ya maziwa na kumweleza habari ya siku kumi na saba tangu mwanzo hadi mwisho. Hakumwomba asimwambie mtu. Kufikia adhuhuri ya Ijumaa, mji wote ulikuwa umeshasomea udaktari.

Kwenye harusi iliyofuata, mwenye shughuli alikuja jamvini na bakuli lenye mfuniko, akamwekea Nassir mbele yake, mbali na sinia.

"Wali mtupu na kuku wa kuchemsha," alitangaza. "Mke wangu ameusimamia mwenyewe. Hatutaki kesi."

"Mtazameni mikono!" alidakia mmoja kutoka jamvi la pili. "Asije akavuka mpaka!"

"Nassir, sambusa hii naila kwa niaba yako," alisema Chengo, mdomo ukiwa umejaa. "Nihesabie siku moja."

Jamvi lote lilicheka, na aliyecheka zaidi ni Mzee Sanga, aliyekuwa akichovya kaimati yake kwenye shira kwa mara ya pili. Nassir alifungua bakuli. Masikio yalimwaka moto. Alikula wali wake bila kuinua macho, na hakuhitaji kumeza maji katikati. Lakini hapakuwa na wa kumwambia hilo, kwani wote walikuwa bado wanacheka.

Alipanga watu harusi tano hivyo, na bakuli lake kwenye mfuko wa plastiki.

*

Kamera ya tatu ilionyesha umio safi. Daktari Virginia aliwageuzia skrini ili waone wenyewe: ukuta laini, wa rangi moja, njia imefunguka.

"Kwa hivyo ni chakula," alisema, akitabasamu. "Hongera, mama. Safari hii umempikia barabara."

"Mimi nilikuwa nakula samaki," alisema Hasina. "Amejipikia mwenyewe."

Daktari alimgeukia Nassir kwa macho mapya, na Nassir akajikuta ameinua kifua.

"Basi, mzee, leo tunarudisha kimoja. Kimoja tu, wiki sita, halafu tunatazama tena. Wachague mwenyewe. Nani arudi kwanza?"

Nassir hakufikiri. "Ngano," alisema. "Chapati."

"Sawa. Lakini ili kipimo kiwe cha kweli lazima uile kila siku. Si leo ule, kesho uache. Kila siku chapati, bila kukosa."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Uso wa Nassir ulifunguka kama umio wake. Alimgeukia mkewe, na mate, ambayo sasa yalipita bila taabu, alishaanza kuyameza.

Hasina alikuwa mlangoni akijifunga mtandio.

"Unga uko juu ya kabati," alisema. "Maji ya kukandia yawe ya vuguvugu."